Tusimlaumu mpiga gitaa, tuchunguze maikrofoni

Majuzi nilihudhuria tamasha la wanafunzi ambapo kijana mmoja alipanda jukwaani peke yake na gitaa kavu. Maikrofoni ilisogezwa hadi kwenye tundu la gitaa. Kilichotufikia ni ngurumo, kisha mlio mkali uliotufanya tuzibe masikio. Mwamuzi akasema vidole vya kijana havina ufundi. Niliumia, kwani nilikuwa nimemsikia akifanya mazoezi nje ya ukumbi, na kila uzi ulisikika.

Kosa halikuwa la vidole. Sauti nzito hutoka kwa nguvu tunduni, nayo maikrofoni inayosikiliza upande mmoja huzidisha uzito huo kila inapokaribishwa. Sisi wanaisimu tuna mfano wake: irabu hubeba nguvu ya usemi, lakini ni konsonanti inayotenganisha "pata" na "kata". Mguso wa kidole kwenye uzi ndio konsonanti ya gitaa. Ukifunikwa na ngurumo, maana hupotea.

Hapa Kenya hasara ni kubwa zaidi. Mtindo wa omutibo, uliompa sifa marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, hutegemea kidole gumba kushika besi huku cha shahada kikiimba. Besi ikimeza wimbo, mtindo wenyewe umemezwa. Kijana akiambiwa mara mbili kwamba hajui, ataliweka gitaa chini.

Wapo walimu watakaosema dawa ni spika kubwa zaidi. La hasha! Spika kubwa hukuza kosa. Wengine watapendekeza gitaa la umeme. Hilo lina mahali pake, ila si shule nyingi zinazolimudu, na sauti yake si ile ya ubao.

Dawa ni rahisi. Maikrofoni iwe umbali wa sentimita 20 hadi 30, ikielekea mahali shingo ya gitaa inapokutana na kiwiliwili. Spika ziwekwe mbele ya mchezaji, zikiipa maikrofoni mgongo, ili sauti isiirudie na kuzaa mlio. Anayeimba apewe maikrofoni ya pili. Kisha pafanywe jaribio kabla ya hadhira kuketi, mwalimu mmoja akisikiliza kutoka safu ya nyuma.

Mwamuzi asiyejali sauti imemfikia kwa njia gani huhukumu spika, wala si mwanafunzi. Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Tunzo la kwanza na liwe kumsikia.