Mzaa mama yako anauzwa sokoni



Msikasirikie kichwa hicho cha habari. Hakuna anayeuza wazee. Ni fumbo, na mbele yake panaandikwa namba 6, maana yake jibu lina herufi sita. Mzaa mama yako ni nani? Nyanya. Na kule sokoni, ndani ya vikapu, ni nini kile chekundu? Nyanya. Mmoja alikubeba mgongoni, nyingine inaingia kwenye sufuria, na wote wawili wanaandikwa kwa herufi zilezile.

Wengi tunayajua mafumbo ya maneno ya kifaransa, yale tunayoita mokruwaze, yanayokuja nyuma ya magazeti. Wafaransa wanapenda sana neno la maana mbili. Kuna moja la zamani ambalo husemwa ni la mwandishi Tristan Bernard: kitu kinachomwaga maji ya mabafu na kujaza lavabo, herufi nane. Jibu ni ENTRACTE, mapumziko katikati ya mchezo. Kwa kifaransa neno la bafu ni pia neno la vyumba vya watazamaji ndani ya teatri. Watu wanatoka kule, wanakimbilia chooni. Ukilisikia jibu unacheka, halafu unakasirika kwamba hukuliona.

Waingereza wao waliongeza ukali. Mwaka 1926 gazeti la The Observer la London lilianza kuchapa mafumbo ya Edward Powys Mathers, ambaye hakutia jina lake; alijiita Torquemada, jina la yule padri wa Hispania aliyesifika kwa kuwatesa watu. Basi wasomaji walijua mapema kinachowangoja. Katika mafumbo ya namna hii kila sentensi ina njia mbili za kufikia jibu moja. Njia ya kwanza ni maana. Njia ya pili ni herufi zenyewe: zimechanganywa, au zimefichwa ndani ya maneno mengine, au vipande viwili vimeunganishwa. Sentensi yenyewe inasomeka kama habari ya kawaida, na hapo ndipo uongo wake ulipo.

Sisi tulianza kuyatunga kwa kiswahili, siku ya posho mchana, tukishamaliza kuhesabu pesa za likelemba. Tuko wamama wanane, mara nyingine kumi. Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye anayechora miraba katika kaye na kutunga mengi. Sisi wengine tunaleta mkeka, karanga, na kreyo moja ambayo inazunguka kwa mikono yote.

Sikilizeni hili la posho iliyopita: Mama, likelemba imeficha utajiri (4). Tuliongea juu ya likelemba robo saa nzima, nani alichelewa kutoa, nani anadaiwa, karibu tugombane. Kumbe fumbo halikutaka habari hizo. Neno "imeficha" lilikuwa linatuambia tutazame ndani ya maandishi. Andika maneno mawili ya kwanza bila nafasi: mamalikelemba. Anza herufi ya tatu, hesabu nne. MALI. Na mali ni utajiri. Njia zote mbili zimefika, jibu halina shaka tena.

Hicho ndicho ninachokipenda kuliko mokruwaze ya kawaida. Katika ile ya kawaida unaweza kubaki unabishana kama ni "bahari" au "ziwani". Katika hii ukilipata jibu unajua umelipata, na hakuna mtu mwenye sauti kubwa atakayekunyang'anya.

Kisha likaja gumu: Mali ikivurugika, shika jembe (4). Wale waliosoma walianza kutoa methali. Wengine walihesabu herufi za "jembe" wakakuta ni tano. Nyuma kabisa, pembeni ya mkeka, alikaa mama mmoja wa shamba ambaye yuko mwaka wa pili katika darasa letu la kusoma na kuandika. Kila posho anasema amekuja kusikiliza tu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ndogo: mtu akishika jembe, si analima? Binti wa mwalimu, mwenye miaka kumi na mbili, akaruka: LIMA! Ni herufi za MALI zimevurugwa! Mama alilipata kwa mkono, mtoto akalihakikisha kwa herufi. Hakuna aliyeweza kusema ni nani kati yao ameshinda. Kreyo ikaenda kwa mama, naye akaziandika mwenyewe, L, I, M, A, kila moja katika mraba wake, polepole, na ile M yake yenye miguu mirefu.

Nalieleza hili kwa sababu darasa lile lina shida ambayo walimu wake wanaijua vizuri. Mama anajifunza herufi, anapata cheti, tunampigia makofi, halafu nyumbani hakuna kitu cha kusoma. Biblia ni ndefu na maandishi yake ni madogo. Karatasi ya mtoto ya shule iko kwa kifaransa. Baada ya miezi herufi zinaanza kutoroka. Fumbo la mistari mitano linasomwa mara kumi, kwa sababu kila neno lake linaweza kuwa na ujanja, na herufi moja ikikosekana mraba unabaki wazi na wote wanauona. Kuna watu wanaosema mafumbo yanatibu usahaulifu wa wazee. Mimi siuzi dawa hiyo. Nasema tu kwamba mtu anayevunja MALI kuwa LIMA hasomi tena kwa kukariri.

Mama mmoja wa kikundi jirani alituma neno kwamba ni aibu kucheza wakati unga umepanda bei na watu hawalali vizuri. Namheshimu, na hakusema peke yake. Mokruwaze ilizaliwa New York, katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913, kwa mkono wa Mwingereza Arthur Wynne. Wasomaji walilipenda, lakini kwa miaka lilichapwa na makosa mengi, mpaka sekretari mmoja kijana, Margaret Petherbridge, alipopewa kazi ya kulisimamia. Mwanzoni hakulijali. Siku moja alijaribu kulifungua fumbo lake mwenyewe, akaona linavyomchosha msomaji bure, na kuanzia hapo akaanza kusahihisha kila mraba na kuweka kanuni ambazo nyingi bado zinafuatwa. Mwaka 1924 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu cha kwanza cha mokruwaze, kila nakala na kreyo yake. Mwaka huohuo gazeti kubwa la The New York Times liliandika kwamba mchezo huu ni kupoteza muda, tena lilitumia neno la dhambi.

Ikaja vita. Mwezi Februari 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani wiki chache tu kabla, gazeti hilohilo likaanza kuchapa mokruwaze, na mhariri wa kwanza aliyeajiriwa ni Margaret, sasa kwa jina la ndoa Margaret Farrar. Alikuwa amewaambia wakubwa wa gazeti kwamba dunia yenye wasiwasi inahitaji mchezo kama huu, kwa kuwa mtu akiwa ndani ya fumbo hawezi kufikiri juu ya shida zake. Aliishika kazi ile zaidi ya miaka 25. Mimi sina la kumwongezea jirani yetu, ila kwamba mkeka una nafasi.

Turudi kwenye ugomvi wetu wa kweli, ambao si wa unga. Ni wa mtoto. Nyumbani tunasema mutoto, muti, mukono. Kitabuni ni mtoto, mti, mkono. Kwa mdomo haileti shida, lakini miraba haidanganyiki: MUTOTO ina sita, MTOTO ina tano. Posho moja tulibishana hapo mpaka maji ya chai yakakauka. Wengine walisema cha kitabu ndicho sahihi, na hapo sikubaliani nao. Mutoto si kosa, ni kiswahili chetu, na nyanya zetu walitulea nacho. Tuliafikiana kwamba anayetunga aandike juu ya karatasi, "cha nyumbani" au "cha kitabu", kabla mtu hajashika kreyo. Kwa sasa tunatunga vya aina zote mbili, na watoto wanajifunza tofauti bila mtu kuwacheka.

Jambo moja kwa wale watakaotaka kutunga. Kiswahili kinamsaliti mtunzi. Mfaransa anaweza kuliacha neno limesimama peke yake, lakini sisi maneno yetu yanavuta mikia. Tazama PAA. Ukiandika "linafunika nyumba", lile "li" limeshasema ni paa la nyumba. Ukiandika "anakimbia porini", lile "a" limeshasema ni mnyama. Basi ficha mikia: Juu ya nyumba, mbioni porini (3). Hakuna li, hakuna a, na msomaji anabaki njia panda. Hata KAA, ukimtaka yule mwenye kucha wa ufukweni pamoja na neno unalomwambia mgeni mlangoni, usimwache atembee. Akitembea tu, amejulikana. Wale waliokua na vitendawili jioni, mmoja akisema kitendawili na wote wakijibu tega, wanaushika ujanja huu haraka kuliko wenye diplome. Nimeliona hilo mara nyingi, na siombi radhi kwa kulisema.

Haya ni matatu ya kufungulia posho hii, yote cha kitabu. Msimwulize binti wa mwalimu, amekatazwa.

Mama jikoni ameficha kinywaji (4).

Penye bia, kisha ua: nimeandikiwa (5).

Rafiki aliyechanganyikiwa ana mawazo (6).

Kikundi kitakachotunga lake kilete kabla ya siku ya ine, na namba ya herufi isisahauliwe. Majibu ni wiki ijayo, ukurasa huuhuu.