UCHAMBUZI: Hisabati imo ndani ya mita ya umeme, mbona haifiki darasani?

WIZARA ya Elimu ilipoamua mnamo 2025 kwamba kila mwanafunzi wa sekondari pevu asome Hisabati, mjadala uliishia kwenye ulazima wa somo hilo. Jinsi litakavyofundishwa halikupewa uzito.

Tuchukue mita ya tokeni. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti tisa kwa siku 30. Ya LED ya wati tisa hutumia 1.35 pekee. Mwanafunzi akipiga hesabu hiyo kwa tokeni aliyonunua mamake, hataulizia desimali ni za nini.

Fizikia nayo iko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, kila mmoja wa kilowati 850, ina uwezo wa kuzalisha takriban megawati 310. Hata hivyo, kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu iliyomo hushuka hadi thumni. Hapo kipeo cha tatu huacha kuwa alama ya kukaririwa, na mwanafunzi akaelewa ni kwa nini taifa linahitaji pia mvuke wa Olkaria, ambao haungoji upepo.

Kikwazo ni mtihani (naam, ule ule). Mwalimu anayepimwa kwa alama hawezi kulaumiwa akikimbilia fomula. Baraza la Mitihani (KNEC) likianza kutahini kwa bili ya umeme na paneli ya sola iliyo paani mwa shule, walimu watafundisha kwayo kesho yake.