Misuli inajengwa na mukene, si makopo ya bei kali

Katika jimu za Kampala, makopo ya unga wa protini kutoka ng'ambo yamekuwa alama ya kijana anayejali misuli yake. Kuyauza si kosa. Kosa ni kuwaaminisha vijana kwamba bila kopo mwili haujengeki, ilhali chakula kinachofanya kazi hiyo kinapita kila siku Busia, Malaba na Mutukula.

Misuli hukua kwa kazi nzito na protini ya kutosha. Anayenyanyua vyuma hunufaika na takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi. Mukene mkavu, ambaye Wakenya humwita omena na Watanzania dagaa, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini.

Ni kweli protini hazilingani. Ya mayai, maziwa na samaki humeng'enywa kwa urahisi na huamsha ujenzi wa misuli haraka kuliko ya maharage. Lakini sahani huziba pengo hilo: kinachopungua kwenye maharage kimo kwenye mahindi, na kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Utafiti wa Brazil uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa vijana wasiokula nyama, wakiongezewa soya, walijenga misuli sawa na walaji nyama, mradi wote walifikisha gramu hizo 1.6.

Kwa hiyo tatizo letu ni bei na mpaka. Januari 2017, mafua ya ndege yalipozuka karibu na Entebbe, Kenya ilizuia kuku na mayai ya Uganda nzima. Mwaka 2021 yakazuiwa tena. Mlaji alindwe, ndiyo, lakini kwa vipimo vinavyokubaliwa na nchi zote za Jumuiya, mzigo kwa mzigo, si kwa kufunga mlango.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Mukene aliyeanikwa mchangani huishia kuwa chakula cha kuku. Aliyeanikwa juu ya chanja hufika mezani, tena kwa bei nzuri.

Mpagazi wa Kikuubo anayeshinda na magunia mgongoni anahitaji misuli kuliko yeyote wa jimu. Trei ya mayai ikimfikia kwa bei nafuu, ataujua utangamano bila kuhubiriwa.