WATETEZI WA UHAI WAMEZEEKA, NA SISI TUNAWAANGALIA TU (Sehemu ya 4)

Wale mlionitumia ujumbe baada ya sehemu ya tatu mkisema "nesi unaongea sana", leo mtaniudhikia zaidi, tafuteni kiti mkae.

Leo siongei na watoaji mimba wala wauza dawa za uchochoroni. Naongea na sisi. Sisi tunaovaa fulana zenye picha ya mtoto tumboni, tunaosema uhai ulindwe tangu kutungwa mimba hadi kifo cha kawaida. Nusu ya kwanza ya hiyo sentensi tunaipigia makofi. Nusu ya pili hatujawahi hata kuifanyia semina.

Unaijua Tunduma. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, madereva wanaokaa siku kadhaa, gesti, baa, mama ntilie, wabadilisha kwacha. Wasichana wanatoka Momba, Ileje, Mbozi, wanakuja kutafuta kazi za ndani na za mgahawani. Binti akishika mimba, mwajiri anamfukuza, aliyempa mimba amezima simu, kwao baba kasema asikanyage. Sasa niambie, huyo binti anaenda wapi saa tatu usiku na begi lake? Haendi ofisi ya kanisa, imefungwa. Haendi kwa mchungaji, anaogopa. Anaenda kwa bibi.

Kila mtaa unaye bibi wa namna hiyo. Mjane, miaka 68, 72, ana vyumba viwili vya kupangisha ambavyo havimpi kodi kwa sababu kimoja kila mara kina binti mwenye tumbo. Kikundi cha watetezi wa uhai kwenye karatasi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Uhalisia ni kwamba kikundi ni huyo bibi na sufuria yake.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi upande wa wodini.

Bibi mmoja kama huyo aliletwa kwetu kwa bajaji, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Kiharusi. Nikamuuliza mjukuu, bibi anatumia dawa za presha? Akasema alikuwa anatumia, aliacha. Kwa nini? Siku ile alipoenda kuchukua dawa aliambiwa zimeisha, akanunue nje. Pesa aliyokuwa nayo akamnunulia binti wa nyumbani kwake vifaa vya kujifungulia. Yaani mpira, pamba, glovu na kanga. Akasema dawa atanunua mwezi ujao. Presha haina mwezi ujao, ndugu zangu. Haiumi, haipigi hodi, unaamka vizuri asubuhi na mchana umeanguka jikoni.

Kikundi kilikuja kumwona. Walikuja wengi, wameimba vizuri sana, wamepiga picha, picha zimeingia kwenye magrupu zenye maneno "tumuombee mama yetu shujaa". Walipoondoka nilibaki na mjukuu wa miaka 14 nikimfundisha kumgeuza bibi kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Hakuna hata mmoja wa wale waimbaji aliyeuliza usiku atalala nani hapa.

Na mabinti wawili waliokuwa nyumbani kwake? Mmoja alirudi kijijini. Mwingine tulikutana naye tena wodini kama wiki tatu baadaye, anatoka damu, ana homa, hataki kusema kanywa nini na nani kampa. Tukamhudumia, akapona. Mtoto hakuwepo tena. Mimi sikumuuliza maswali ya polisi, nilimuuliza kwa nini hakurudi kwa bibi. Akaniangalia tu. Bibi gani?

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Dawa ya presha ya mwezi mzima haifiki bei ya fulana moja tuliyochapisha kwa ajili ya semina. Fulana tulichapisha nyingi.

Mtaniambia wazee wana watoto wao, wawatunze. Sawa. Paulo naye amesema hivyo hivyo, soma 1 Timotheo 5, familia ianze. Lakini endelea kusoma, usiishie pale panapokufurahisha. Anasema wapo wajane ambao kanisa lenyewe liwaandikishe, na anataja umri: kuanzia miaka 60. Halafu anataja kazi walizofanya: kulea watoto, kupokea wageni, kuwasaidia wenye shida. Jamani, si ndiyo hao hao bibi zetu? Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Biblia na serikali wamekubaliana hata umri. Wewe ambaye una orodha ya kwaya, orodha ya michango ya jengo na orodha ya wenye zaka, orodha ya wajane iko wapi?

Wakatoliki nao msijifiche kwa madhehebu yangu. Papa Yohane Paulo II aliandika waraka wake wa Injili ya Uhai mwaka 1995, na mle hakuongelea mimba peke yake. Ameongelea wazee na wagonjwa wanaoonekana mzigo. Tunanukuu kurasa za mimba tu.

Serikali nayo nisiiache. Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016, mzee wa miaka 70 na kuendelea akapata 20,000 kwa mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilikuwa ndogo, lakini ilinunua dawa za presha. Huku bara bibi aliyelima kahawa Mbozi maisha yake yote hana hicho. Matibabu bure kwa wazee tumeandika kwenye mabango, ila bango halimezwi na maji.

Halafu kuna hili linaloniumiza kuliko yote. Huku kwetu Songwe lambalamba wakiingia kijijini, anayenyooshewa kidole ni nani? Kijana mwenye pikipiki? Ni bibi. Bibi mwenye macho mekundu kwa sababu amepikia kuni miaka hamsini. Na kuna wahubiri, sitaji mtu, Jumapili asubuhi wanalia machozi kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa, ibada ya jioni wanamwambia binti "aliyekufungia ndoa ni bibi yako mzaa baba". Huyo naye ni mtetezi wa uhai? Umemtetea mjukuu ukamuua bibi.

Kuna mambo madogo ambayo hamtayasikia kwenye semina, acheni mimi niyaseme maana ni kazi yangu. Bibi wengi walioacha kuja vikao hawajapoa kiroho. Mkojo unawachuruzika. Kikao ni saa tatu, choo ni cha shimo, magoti hayachuchumai, anaona aibu, anasema "nina udhuru". Ninyi mnaandika mtoro. Wekeni kiti kilichotobolewa kwenye choo cha kanisa, fundi anamaliza kwa nusu siku. Mwingine kila siku anameza diclofenac ya duka la dawa kwa ajili ya magoti ili aweze kwenda kuwatembelea mabinti. Hajui kuwa dawa ile ikizidi inapandisha presha, inachubua tumbo na kuharibu figo. Mwingine ana mtoto wa jicho, kadi ya kliniki ya binti haioni, hawezi kumwambia tarehe ya kurudi. Mtoto wa jicho anatolewa, siyo laana.

Na ninyi bibi zetu, shikamooni. Na ninyi nina neno, mnisamehe kama nimekosa adabu. Mmeng'ang'ania. Daftari la mabinti liko chini ya godoro lako, namba za wanaotoa unga na sabuni ziko kwenye simu yako peke yako, ufunguo wa chumba uko shingoni. Kijana akitaka kusaidia mnasema "watoto wa siku hizi hawana siri". Wengine kweli hawana, nakubali. Lakini Mama Teresa mwenyewe, aliyesimama Oslo mwaka 1979 akiwa na miaka 69 akapokea Nobeli na kuwasema watoa mimba mbele ya wakubwa, alikabidhi uongozi Machi 1997 na Septemba mwaka huo huo akafariki. Yeye alikuwa na masista maelfu nyuma yake. Wewe una nani? Ukianguka kesho, nani anajua yule binti wa chumba cha uani ana kundi gani la damu?

Sisemi mkae pembeni. Padre Paul Marx alianzisha Human Life International mwaka 1981 akiwa na miaka kama 60, na akaishi mpaka 89. Uzee siyo kustaafu. Ila umpe mtu mmoja wa miaka 25 akae na wewe jikoni, ajifunze unavyompokea binti bila kumhukumu. Hicho hakuna semina inayokifundisha, mimi mwenyewe nilijifunza kwa bibi, siyo chuoni.

Vijana nanyi mnapenda maandamano na kushika kipaza sauti. Nani yuko tayari kuosha miguu ya bibi iliyovimba, kwenda naye kliniki, kupanga foleni ya dawa tangu saa moja? Kimya.

Basi. Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa nje ya kanisa letu, chini ya mwembe, na kipimo changu cha presha. Silipwi, na sijali wewe ni Moravian, KKKT, Katoliki au TAG. Mlete bibi. Kama hawezi kutembea mpandishe bajaji, siyo bodaboda, magoti yake hayataki. Aje na dawa zote anazotumia kwenye mfuko, hata za kienyeji, sitamgombeza.

Sehemu ya 5 nitaongea na wale wanaosema nesi aliyeokoka asimguse binti aliyetoa mimba. Hao nina hamu nao. Ngoja nitoke zamu ya usiku kwanza.