Kigae kilichotunzwa na bakuli lililong'olewa



Neno kigae katika lugha yetu lina maana mbili. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, ambacho huzolewa na kutupwa jalalani. Kigae pia ni bamba la udongo uliochomwa, ambalo mwenye nyumba hulinunua kwa fedha nyingi ili apambe sakafu na kuta. Hapa Dodoma, tangu Serikali ihamie, kigae hiki cha pili tunakiona kila tunakopita: majumbani, maofisini, na katika misikiti inayojengwa na kupanuliwa, Alhamdulillahi. Ni vyema basi familia ya Kiislamu ikajua sanaa hiyo imepitia wapi, na ina uhusiano gani na misikiti ya wazee wetu.

Katika mji wa Lisbon, Ureno, yapo makumbusho ya taifa yaliyowekwa kwa ajili ya vigae peke yake. Yamo ndani ya jengo lililokuwa nyumba ya watawa wa kike wa Kikristo, iliyoasisiwa mwaka 1509. Mgeni anayezuru humo hupita karne baada ya karne. Vigae vya mwanzo aghalabu havina sura ya mtu: ni nyota, mafundo na mistari inayosukana bila mwanzo wala mwisho. Karne zinavyosonga, ndipo zinapoingia sura za watakatifu wao, wawindaji na merikebu.

Wareno hukiita kigae hicho azulejo. Wengi hudhani neno hilo limetokana na azul, yaani buluu, kwa kuwa vigae vingi ni vya rangi hiyo. Sivyo. Asili yake ni Kiarabu, az-zulayj, yaani jiwe dogo lililosuguliwa likang'aa. Ni neno la Waislamu wa Andalusia, na ufundi ni wao. Lisbon yenyewe ilikuwa mji wa Waislamu hadi mwaka 1147.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyetoa amri, mwishoni mwa mwaka 1496, kwamba Waislamu na Mayahudi waondoke Ureno. Mfalme huyo huyo akaagiza vigae kutoka Sevilla, vya ufundi uliorithiwa kwa Waislamu, akapambia kasri lake la Sintra. Na merikebu za mfalme huyo huyo ndizo zilizofika Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kuupora. Dhahabu ya Kilwa ilifuliwa ikawa chombo cha ibada ya kanisa, kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo kinaoneshwa katika makumbusho mengine ya mji huo huo wa Lisbon. Waislamu walifukuzwa, ufundi wao ukabakizwa. Waislamu waliporwa, dhahabu yao ikatunzwa.

Na sisi tulikuwa na nini? Wazee wetu wa pwani hawakuchoma vigae vya kung'aa. Walinunua bakuli na sahani za Uajemi na China kwa biashara ya bahari, wakazipachika katika chokaa ya majengo yao. Pale Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wenye kuba uliojengwa karne ya 15, bakuli zilipachikwa katika dari juu ya vichwa vya wenye kuswali. Kunduchi na Kaole zilipachikwa katika nguzo na kuta za makaburi. Bakuli za China zenye rangi ya buluu na nyeupe, ambazo Waswahili walizitia ukutani, ni jamaa wa zile zilizowavutia Wareno, nao wakapaka vigae vyao rangi hizo hizo. Bahari moja ilizilisha pande mbili.

Leo, ukienda katika magofu yetu, mahali pengi hutakuta bakuli. Utakuta tundu la mviringo katika chokaa, pale bakuli lilipokuwa. Mengine yamehifadhiwa katika makumbusho, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini mengi yaling'olewa kwa ncha ya kisu na watu waliotaka kitu cha kuuza au cha kuweka kabatini.

Wareno nao walikaribia kupoteza. Mwaka 1755 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji wa Lisbon. Mwaka 1834 Serikali yao ilifuta nyumba za watawa, na majengo mengi yakabomolewa au kugeuzwa matumizi. Vigae viling'olewa, lakini walikuwapo watu walioona kwamba havistahili jalala, wakavihifadhi katika makasha. Makumbusho yalianza mwaka 1965, na yakawa ya taifa mwaka 1980. Humo mna picha ya vigae yenye urefu wa mita 23 hivi, inayoonesha Lisbon ilivyokuwa kabla ya tetemeko. Mji ulianguka, na kigae kikabaki kuwa shahidi wake.

Hili linatuhusu sisi wa nyanda za kati kwa namna mbili.

Kwanza, misikiti yetu. Kamati nyingi zinapanua misikiti ya zamani, na ni kazi ya kheri. Lakini mihrabu iliyojengwa kwa mikono ya mababu hubomolewa asubuhi moja ili kupisha vigae vya kiwandani, na jioni hakuna anayekumbuka ilivyokuwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi jengo lisipanuliwe, wala sisemi mapambo ndiyo roho ya msikiti, kwani wanazuoni wametuonya tusijifaharishe kwa kuipamba misikiti huku safu zikiwa tupu. Nasema kabla ya nyundo ya kwanza, kamati ipige picha, iandike mwaka wa ujenzi na majina ya waliojenga na waliotoa waqfu, iwaulize wazee wangali hai, na iweke mlango, ubao wenye maandishi au kipande cha nakshi mahali salama. Gharama yake ni daftari na sanduku.

Pili, watoto wetu. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kuzingatia habari za waliotutangulia. Si lazima tufike Lisbon. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaunganisha Dodoma na Dar es Salaam, na magofu ya Kunduchi yamo kaskazini mwa jiji hilo. Kaole iko kusini kidogo mwa Bagamoyo, nayo Bagamoyo ni jirani yetu wa kale: misafara iliyotoka huko ilipita Mpwapwa na Ugogo ikielekea Tabora, na kwa nyayo za watu wa njia hiyo Uislamu ulizidi kuingia bara. Mtoto wa Kondoa au Mpwapwa anayesimama mbele ya mihrabu ya Kaole anatazama ukurasa wa habari zake mwenyewe.

Tukienda, twende kwa adabu. Tuwatolee salamu waliolala makaburini na kuwaombea kwa Mola wao, wala tusiwaombe wao haja zetu. Wanazuoni wengi wamekataza kuyajengea na kuyapamba makaburi, basi mzazi awaeleze wanawe kwamba hatukuja kuiga nguzo zile, tumekuja kujua. Watoto wasipande juu ya kuta. Na kigae kilicholala mchangani, hata kikiwa kidogo kama ukucha, kiachwe pale pale, kwa kuwa mtaalamu hukisoma pamoja na mahali kilipolala, na kikihamishwa nusu ya habari yake hupotea. Nyumbani, mpe mwanao bikari na rula ajaribu kuchora nyota ya pembe nane. Atajifunza hesabu, na atajua pia kwamba mafundi wa Kiislamu waliweza kulipendezesha jicho bila kuchora uso.

Ufundi wa Andalusia uliheshimiwa na watu waliowafukuza wenyewe. Itakuwa aibu kwetu ikiwa ufundi wa wazee wetu utadharauliwa na wajukuu wao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotujengea, na atujaalie kuwa waaminifu katika walivyotuachia. Aamin.