Mashine chini ya kitambaa
Na Zuhura Mkangara

Katika maabara moja niliyowahi kuitembelea, kulikuwa na mashine iliyofunikwa kitambaa cha meza chenye maua, juu yake imeketi chupa ya chai. Mwenyeji wangu aliniona nikiikodolea macho, akacheka. "Hiyo ya msaada, dada. Taa iliungua. Spea mpaka Ulaya." Ilikuwa na mwaka wa tatu hapo. Toka siku hiyo, nikisikia maabara fulani imekabidhiwa vifaa vya mamilioni, swali langu huwa moja: vikiharibika, nani atavifungua?

Wapo waliolijibu. Hadubini ya OpenFlexure ilibuniwa Uingereza, ikaendelezwa kwa kushirikiana na mafundi wa Dar es Salaam na watafiti wa Ifakara. Michoro yake ni bure. Mwili unachapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D, kisha unapachikwa lenzi, kamera ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na vimota. Utamu uko pale slaidi inapokaa. Hakuna reli wala gia za kuchongwa kiwandani. Kuna vijiguu vyembamba vya plastiki vinavyopinda kidogo tu, na slaidi inasogea kwa hatua ndogo kupita unene wa unywele. Kijiguu kikikatika, unachapa mwili mwingine, kesho yake kazi inaendelea.

Utasema hadubini hiyo ni ya kupimia malaria, utafutaji wa dawa mpya unaingiaje hapa? Unaingia sana. Kutafuta dawa ni kazi ya kurudia: dondoo hii, dondoo ile, na kila mara kuna mtu anahesabu vimelea vilivyobaki. Mtafiti wa Kichina Tu Youyou na wenzake kule Beijing, wakitafuta dawa ya malaria, walijaribu mamia ya dondoo za mitishamba kabla sampuli namba 191, Oktoba 1971, haijafyeka vimelea vyote kwa panya. Siri ilikuwa joto. Kuchemsha majani kuliharibu dawa. Etha, kiyeyusho kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, haikuiharibu. Dondoo ilipotakiwa kwa wingi, karakana za dawa zilikuwa zimefungwa, basi wakaloweka majani kwenye mitungi ya maji ya majumbani. Tuzo ya Nobel ilikuja 2015.

Sisemi turudi kwenye mitungi. Mvuke wa viyeyusho uliwadhuru wale watu. Na mashine ya kupimia uzito wa molekuli haichapwi kwa plastiki, hiyo tutainunua tu.

Ninachogombana nacho ni zabuni za vifaa vya maabara. Nilizobahatika kuzisoma zinadai jina la kiwanda, cheti cha kiwanda, barua ya kiwanda. Sijaona mstari mmoja unaouliza michoro iko kwa nani, au spea inauzwa duka gani Kariakoo.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye maabara ile. Kitambaa kimefuliwa, kimepigwa na pasi.