Ng'ombe wa Manila Si Ng'ombe wa Singida

Ukiingia madarasa mengi ya shule za msingi huku Singida utamkuta ukutani ng'ombe wa manila. Ana madoa meusi na meupe, mgongo umenyooka, hana nundu, na kiwele chake ni kikubwa kama ndoo. Huyo ni Friesian, asili yake Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Aliyemchora ni mwalimu, au mmoja wetu sisi wa elimu akiwa field, na amemnakili kwa mkono kutoka kitabuni. Mwaka unaofuata anakuja mwingine, ananakili ile manila iliyochakaa. Kwa lugha ya chuo, ni desa la desa.

Nje ya dirisha wanapita ng'ombe wengine kabisa. Wana nundu, pembe fupi, ngozi inayoning'inia shingoni, na miguu ya kutembea mbali kutafuta maji kiangazi. Wataalamu wa mifugo wanawaita zebu wa pembe fupi wa Tanzania, na wamewagawa katika makundi kadhaa. Makundi mawili yana majina ya hapa hapa: Singida White, ambaye ni mweupe, na Mkalama Dun, mwenye rangi ya kahawia iliyopauka kama vumbi. Yaani mkoa wetu una ng'ombe wawili wanaotajwa kwa majina yake kwenye vitabu vya sayansi, halafu mtoto anaweza kumaliza darasa la saba asiwaone ukutani hata siku moja.

Najua jibu litakalokuja: jamani, hiyo ni picha tu, ya kuonyesha sehemu za mwili. Sikubali. Picha ya mnyama inafundisha pia mnyama mzuri ni yupi, na Waingereza walilijua hilo zamani. Mwaka 1802 John Boultbee alimchora dume mmoja maarufu aliyeitwa Durham Ox. Nakala za picha ile zilizochapwa ziliuzwa zaidi ya 2,000 ndani ya mwaka mmoja. Wenye mashamba walilipa wachoraji wawachoree ng'ombe wenye umbo la sanduku, mwili mkubwa na vichwa na miguu midogo ya kuchekesha. Yalikuwa matangazo ya biashara. Mwaka 1822 wakafungua daftari la kuandika ukoo wa ng'ombe wao wa Shorthorn, na aina hiyo ikasambaa duniani. Mpaka leo wapo mafundi wanaonakili picha hizo kwa mkono, kwa rangi ya mafuta, na watu wananunua na kutundika sebuleni. Waliwachora ng'ombe wao kwanza, dunia ikawaamini baadaye.

Simaanishi na sisi tuchore uongo. Katika wachoraji wa zama zile ninayemheshimu ni Thomas Bewick, aliyekataa kuwachora kondoo wa matajiri wakiwa na mafuta ambayo yeye hakuyaona mwilini mwao. Ndivyo ninavyotaka. Singida White ni mdogo, maziwa yake ni kidogo, na tukimpachika kiwele cha Friesian tutakuwa tumerudi kule kule. Tumchore alivyo, na mwalimu aseme ukweli wote: Friesian anatoa maziwa mengi, lakini anataka majani mengi, maji na daktari karibu. Huyu wa kwetu anavumilia ukame na malisho duni. Zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa Tanzania ni wa asili. Hao ndio wanaolipa ada, mahari na matibabu kwenye kaya nyingi za wanafunzi wetu.

Angalia pia maneno tunayotumia. Yule wa madoa tunamwita "ng'ombe wa kisasa", huyu "wa kienyeji". Mtoto wa mfugaji anayajua mabaka, pembe na tabia za kila ng'ombe wa baba yake. Akifika darasani anaambiwa aseme sehemu za ng'ombe, na kwenye mchoro nundu haipo. Somo analolipata pale, bila mwalimu kulitamka, ni kwamba anachokijua nyumbani si elimu.

Kunakili kwenyewe si kosa. Jirani zetu wa Kondoa wana michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa kule akinakili michoro hiyo kwa mkono, umbo moja baada ya jingine, na mwaka 1983 nakala zake zikatoka kitabuni. Tofauti yake na sisi ni kwamba alinakili akiwa mbele ya mwamba wenyewe. Sisi tuna zizi jirani na shule na bado tunanakili kitabu.

Kwa hiyo wenzangu mnaokwenda field Singida, Ikungi, Iramba, Manyoni au Mkalama, pendekezo langu halihitaji mfadhili. Manila mtanunua steshenari kama kawaida. Kabla ya kuchora, omba ruhusa kwa mzee mwenye zizi, nenda na wanafunzi wachache, mchore mkimtazama ng'ombe mwenyewe. Muulizeni mzee majina ya rangi na pembe kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kibarabaig, myaandike pembeni. Friesian abaki ukutani, lakini awe na mwenzake wa kulinganishwa naye.

Na wahadhiri wanaokuja kutukagua, wakitoa alama za zana za kufundishia, nawaomba waongeze swali moja: hii picha umeichora ukiangalia nini?